Naomba ushauri: kubadilisha betri ya kaseti ya Super Mario Kart bila kupoteza rekodi

Ndugu zangu, ninayo kaseti ya Super Mario Kart ya mashine ya Super Nintendo, mchezo wa video wa mbio za magari uliotoka Japani mwaka 1992, ambayo marehemu kaka yangu alirudi nayo kutoka Uingereza. Ndani yake bado zimo rekodi zake za mbio za kushindana na saa, na katika njia iitwayo Mario Circuit 1 sijawahi kumfikia hata siku moja.

Rekodi hizo hushikiliwa na betri ndogo ya volti 3, aina ya CR2032, iliyolehemiwa ndani ya kaseti, nayo ikiisha au ikitolewa kila kitu hufutika. Fundi redio wa mtaani kwetu anapendekeza aunganishe kwanza betri ya pili sambamba na hii ya zamani, ndipo aing'oe. Lakini nikiitazama ncha ya pasi yake ya kulehemu, nene kama kidole gumba, moyo unasita. Je, yupo aliyewahi kufanya hivyo akafanikiwa, au ni salama zaidi kunakili kumbukumbu hiyo kwenye kompyuta kwanza, na kwa kifaa gani? Picha za skrini nimekwisha kupiga, ila ningependa rekodi zibaki humo humo kwenye kaseti, niendelee kuzifukuzia.