"Wachangiaji": wenye maoni au wenye bahasha?

Katibu_Moro
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha wasomaji huku Morogoro. Wiki iliyopita nilibandika tangazo: "Jumamosi saa kumi jioni, wachangiaji wote mnakaribishwa." Nilikusudia watu wa kuizungumzia riwaya tuliyosoma. Wakaja wanne. Wengine, nasikia, walipoona neno hilo walishika mifuko yao wakabaki nyumbani. Kadi za harusi zenyewe zimewachosha. Sasa niandike nini? Wachambuzi? Watoa maoni?

Bibi_Chumbageni
Pole mwanangu, ila hata mimi nisingetoka. Neno halina kosa. Asili yake ni "changa", kila mtu atoe chake mpaka kitu kitimie. Bungeni wanasimama, "naomba kuchangia hoja", na hakuna anayefungua pochi. Wewe umeliacha peke yake. Sema wachangiaji mada.

Kocha wa Kahawani
Mchambuzi usimguse! Kuchambua ni kama kuchambua mchicha, jani huku, kijiti kule. Kwenye mpira mtangazaji anakwambia nani ana mpira, mchambuzi anakwambia kwa nini beki alichelewa. Mtu kasoma kurasa kumi, kasema "kitabu kitamu", naye mchambuzi?

Katibu_Moro
😂 Huyo tunaye. Na mshereheshaji je? Niliambiwa zamani lilikaribia maana hiyo.

Mzee wa Kamusi
Sherehe ziko mbili. Moja ya ngoma na biriani. Nyingine ni ufafanuzi wa maneno magumu, ile unayoikuta mwishoni mwa diwani. Inatokana na Kiarabu, *sharh*. Lakini leo ukibandika "mshereheshaji" watakuuliza spika zinatoka wapi. Andika "watoa maoni", umoja "mtoa maoni", kama mpiga picha. "Mtoaji maoni" nalo si kosa, linaburuza tu.

Bibi_Chumbageni
Mzee, hapo sikufuati. Mtoa maoni mie hunikumbusha lile sanduku la zahanati: unatumbukiza karatasi, unaondoka. Mchangiaji anaanzia pale alipoachia mwenzake. Katibu anataka watu wazungumze, au anataka karatasi?

Mzee wa Kamusi
Hapo umenishika, dada.

Katibu_Moro
Basi itakuwa "wachangiaji mada", na chini yake kwa herufi kubwa: HAKUNA MCHANGO. Asanteni sana.

Kocha wa Kahawani
Chai ipo?

Katibu_Moro
Ipo. Sukari tutachangia.