Masomo ya alfajiri, mabati na madaftari 62: tupunguze nini kwanza?

ChakiNaDasta (Malindi)
Hamjambo wenzangu. Mwalimu mkuu ameruhusu tupange ratiba upya muhula ujao. Gredi ya 7 ina watoto 62 kwa mkondo mmoja, paa ni mabati matupu bila dari. Watoto huingia saa kumi na mbili na nusu kwa masomo ya alfajiri, hutoka saa kumi na moja jioni, kisha wengi huelekea madrasa. Hisabati iko saa nane mchana mara tatu kwa wiki, na saa hizo nusu ya darasa wamelaza vichwa mezani. Walimu hubeba madaftari nyumbani kila jioni, na kundi la WhatsApp la shule halilali. Pesa za mradi hakuna. Mngeanza na lipi?

BiMkubwa_Lamu
Anza na saa, mwalimu. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015 ziko wazi kwa shule za kutwa: masomo saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo na vilabu hadi saa kumi na moja kasorobo. Hicho kipindi cha alfajiri hakimo. Mtoto wa miaka 12 anahitaji usingizi wa saa tisa hivi. Akitoka madrasa baada ya Magharibi, ale, afanye kazi ya ziada, aamke saa kumi na moja, hazipati hata kidogo. Huko kulala mezani ni deni analolipa.

Hisabati na Sayansi zipande kabla ya mapumziko ya kwanza, mchana wekeni Sanaa na usomaji. Tatizo litakuja kwa mwalimu mmoja wa Hisabati mwenye mikondo mitatu: wote hawawezi kupata saa mbili asubuhi. Kateni vikaratasi, kila kipindi na chake, rangi moja kwa kila mwalimu, mvipange juu ya meza kubwa kabla ya kuandika chochote. Rangi moja ikitokea mara mbili kwenye safu ya saa ile ile, mgongano mnauona papo hapo. Na mwoneni maalim wa madrasa mapema, awaambie siku zake za mtihani, ili msirundike kazi usiku huo huo.

KalamuNyekundu
Madaftari 62 kwa dakika mbili mbili ni dakika 124, na hilo ni somo moja tu. Hakuna anayeyasahihisha yote vizuri. Anachofanya ni kupiga vema na kutia sahihi. Afadhali 13 kwa siku, kwa makini, na kwa siku tano darasa zima limepita. Wakijua zamu zao wataandika vizuri siku hiyo tu, kwa hiyo tumieni kura: vijiti 62 vyenye nambari ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kilichotoka kinaingia kopo la pili hadi la kwanza liishe.

Katika hayo 13, andika makosa matatu yaliyojirudia sana, uanze nayo kipindi kinachofuata kwa dakika tano. Kusahihishana wenyewe kunafaa kwa hesabu na imla. Kwa insha hapana, wataumizana bure.

Fundi_Mwambao
Kuhusu joto: pakeni chokaa nyeupe juu ya mabati kabla kaskazi haijakolea, maana Februari na Machi ndiyo miezi mikali. Masika yataiosha, kwa hiyo ni kazi ya kila mwaka. Hewa ya moto hukaa juu, basi toboeni matundu chini kidogo ya paa pande zote mbili za darasa. La upande mmoja halivuti kitu. Makuti chini ya mabati yanapoza, lakini cheche moja ya waya mbovu inatosha kuteketeza darasa. Makuti ni ya banda la nje.

Shangazi_Ushauri
Si kila anayelala ni joto au usingizi. Kuna njaa, na kuna ya nyumbani. Usimwulize mbele ya wenzake. Mpe madaftari akusaidie kuyapeleka ofisini, na mkitembea muulize, “Jana usiku ulikula nini? Ulilala saa ngapi?” Ukimuuliza “una shida gani,” atakujibu “hakuna.” Usiahidi siri kabla hujasikia: akitaja kupigwa au kudhulumiwa, lazima ifike kwa mwalimu mkuu na ofisi ya watoto. Simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure.

Kwa walimu: matangazo mwisho saa kumi na mbili jioni. La dharura linapigiwa simu, haliandikwi kundini.

ChakiNaDasta
Shukran. Wazazi ndio nawaogopa. Wakisikia alfajiri imefutwa watasema shule imelala.

BiMkubwa_Lamu
Usiwaite kuwaambia imefutwa. Kwanza, kwa wiki mbili, mwalimu wa zamu ahesabu saa nane mchana wangapi wamelala kila darasa, aandike na tarehe. Kwenye mkutano wasomeeni hesabu hiyo, halafu waulizeni mtoto wao huamka saa ngapi. Wataanza kujibizana wenyewe, na kina mama ndio watakaokuwa upande wenu.