Furaha ya kuhudumia wagonjwa imenitoka, naombeni ushauri

Mama wa Kigango (mleta mada): Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka minne nimekuwa nikiwahudumia wagonjwa wasiojiweza wa jumuiya yetu ndogo: kuwaogesha, kuwafulia mashuka, kuwapikia uji na kumwita padre wanapohitaji Mpako Mtakatifu. Hakuna aliyenituma wala aliyenilipa, na jioni nilipokuwa nikirudi nyumbani huku mikono ikinuka dawa, nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata siku ya harusi yangu. Tangu Kwaresima iliyopita furaha hiyo imenitoka. Nimefunga, nimeungama, nasali Rozari kila siku, lakini kila nikishika beseni naona uzito. Je, Mungu anaweza kumwondolea mtu wito aliompa mwenyewe?

Mzee wa Kanda: Milele amina. Mama, soma tena Yohana 13, lakini usiuanzie kwenye maji. Kabla Yesu hajainuka mezani na kujifunga kitambaa, mwinjili anatuambia kwamba alijua Baba amempa vyote mikononi mwake. Aliinama kuosha miguu akiwa hana anachokidai kwa mtu. Wengi wetu tunainama tukiwa na njaa, kisha tunashangaa mgongo unapouma.

Mjukuu wa Uamsho: Mimi ni Mlutheri, mniwie radhi. Marehemu bibi yangu aliokoka katika Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika hadi kwetu Bukoba. Siku moja alisimama mbele ya ushirika akakiri kwamba alikuwa amekaa na sufuria ya jirani kwa miaka kumi, akaibeba kichwani kuirudisha. Jirani akaitazama, akasema si yake. Bibi alirudi nayo akicheka njia nzima, na hadi leo hatujui sufuria ile ilikuwa ya nani. Furaha ya kujishusha ndivyo ilivyo, dada.

Asiyepitwa: Sufuria tumeielewa. Mleta mada, Kwaresima iliyopita kulitokea nini?

Mama wa Kigango: Sikuona kama linahusika, ila kwa kuwa umeuliza nitasema. Mzee mmoja mgane, niliyemuuguza miaka mitatu, alifariki. Wosia uliposomwa, kiwanja chake chenye migomba kilikwenda kwa mpwa wake aliyefika kumwona mara mbili tu; mimi nikaachiwa Biblia yake. Sikukitaka kiwanja. Lakini mzee mwenyewe alikuwa akisema mbele za watu kwamba mwanawe ni mimi. Nimeiandikia familia barua nikidai gharama za nepi na dawa peke yake, na risiti zote ninazo tangu mwezi wa kwanza wa kumuuguza.

Asiyepitwa: Mtu anayetoa bila kungoja chochote hatunzi risiti kwa miaka mitatu.

Mama wa Kigango: Nilizitunza kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu. Tena Bwana mwenyewe alisema katika Luka 10 kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Barua imekwisha kufika kwa mwenyekiti wa jumuiya, hivyo sioni la kubadilisha.

Binti wa Bakhita: Mtakatifu Yosefina Bakhita alitekwa utotoni huko Darfur, akauzwa na kupigwa, na bado alimalizia maisha yake Schio, nchini Italia, kama mtawa mpishi na bawabu wa mlangoni, akipendwa na mji mzima hadi alipofariki mwaka 1947. Uzeeni, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akiulizwa hali alijibu kwamba ni kama apendavyo Bwana. Nani alikuwa na deni kubwa la kudai kuliko yeye?

Mama wa Kigango: Bakhita hakuwa na ada za shule za watoto wawili.

Mhasibu Mstaafu: Hapo mama ana hoja. Kumwachia mtu mmoja gharama za wagonjwa, halafu jumuiya nzima ikamsifu kwa unyenyekevu wake, ni uvivu wetu tuliouvika kanzu. Gharama zile zilipaswa kutoka kwenye mfuko wa jumuiya tangu mwanzo. Barua umeielekeza pasipo mahali pake, lakini madai yenyewe si dhambi.

Tomaso: Samahani, hadithi hii naijua. Niliisikia kwenye semina ya Kwaresima: mtumishi anaachiwa Biblia, anaitupa kabatini kwa hasira, na miaka kadhaa baadaye anakuta ndani yake hati ya shamba. Mleta mada, tunaingoja hati.

Mjukuu wa Uamsho: Na sisi huifahamu, ila kwetu ndani mlikuwa na funguo za gari.

Mama wa Kigango: Niliifungua siku ileile, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeisikia semina hiyo. Hamna hati. Mna picha takatifu mbili na karatasi ya zamu za kumwogesha, niliyoiandika mwenyewe, yenye jina langu siku zote saba. Mwenyekiti bado hajaipeleka barua. Jana ameniuliza tena kama aipeleke, nami sikumjibu. Kuna bibi wa jumuiya yetu amevunjika nyonga, na wamenipangia kesho asubuhi. Nitakwenda, kwa kuwa beseni kubwa liko kwangu. Kuhusu barua, bado naomba ushauri.