Ushauri: Mama aje Accra nikijifungua, au nirudi Tanga?

BintiMuheza
Habari zenu ndugu zangu. Naishi Accra, Madina, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka mitano. Nina ujauzito wa miezi sita. Mume anataka nijifungulie hapa ili mkubwa asiache shule. Mimi nawaza arobaini. Nani atanikanda? Nani atamwogesha mtoto? Mume anatoka alfajiri kuwahi foleni, anarudi usiku. Dada zangu wananiambia nirudi kwa mama. Mama mwenyewe yuko tayari kuja, ila hajawahi kupanda ndege na ana presha. Nikimpigia baada ya kumlaza mtoto, kwao ni saa tano usiku, anaongea na usingizi, nakata simu nalia. Nishaurini, hasa mliozaa ugenini.

mama_wa_wanne
Pole mdogo wangu. Kama ni kurudi, amua wiki hii. Mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari ukivuka wiki 28, na kwenye wiki ya 36 hawakupakii tena. Halafu ukizalia Tanga, kichanga kinahitaji pasipoti ndipo umrudishe kwa baba yake. Mimi nilizalia Kumasi, mama akanifuata. Mkikata tiketi mwombeeni kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, hakilipiwi. Mhudumu atampokea Addis Ababa au Nairobi na kumfikisha kwenye ndege ya pili, hatapotea.

Kaka_Mkubwa
Presha kwanza. Kama haijatulia, msimpandishe ndege mama wa watu kwa sababu ya uji. Na dawa zake akae nazo mkononi, zisiende na masanduku.

shoga_wa_Nima
Uji upo, shoga! Tafuta hausa koko asubuhi: uji wa mawele uliochachushwa, una tangawizi, karafuu na pilipili. Unaliwa na koose, yaani bajia zetu za kunde kabisa. Mimi mama hakuweza kuja. Aliyeniogeshea mwanangu ni bibi wa nyumba ya jirani, kila asubuhi, na siku ya nane alipopewa jina walijaa uani. Usingoje uchungu ukushike. Nenda kawasalimie wamama wa hapo kwenu sasa hivi, waambie huna mtu. Hata mama akija, atahitaji wenzake wa kukaa nao mchana.

BintiMuheza
Asanteni sana, mume naye amesoma yote. Kesho kaka anampeleka mama kliniki ya presha. Tukipata jibu zuri, atakuja. Kuna chanjo anayotakiwa kuwa nayo?

mama_wa_wanne
Homa ya manjano. Ghana wanaiulizia kadi uwanjani, na Tanzania wataiulizia akirudi. Achome siku 10 au zaidi kabla ya safari. Ana miaka mingapi? Akiwa na 60 au zaidi na hajawahi kuchanjwa, daktari amwangalie kwanza.

BintiMuheza
58.

mama_wa_wanne
Basi kesho hiyohiyo kaka aulizie na chanjo, na wamweleze daktari dawa zote anazokunywa.