Ushauri: tukio la mlipuko wa mgodini jukwaani, nifanyeje litishe kweli?

Pazia Jekundu:
Habari zenu wakuu. Nina igizo la jukwaani kuhusu Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, familia ya wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo. Zimebaki siku 11. Tukio la nne linaninyima usingizi: baruti zinalipuka watu wakiwa bado chini, vumbi linajaa shimoni, mmoja harudi. Sauti ya spika peke yake haina uzito, mazoezini watu wanacheka. Nataka vumbi lionekane. Naomba ufundi tu, mswada umeshapita.

Fundi Taa:
Vumbi la kitu gani, na litarushwa na nini?

Rangi na Brashi:
Mkuu, anza na nyuso. Mwamba wa Mererani una grafaiti, kwa hiyo anayetoka chini anakuwa mweusi wa kung'aa kama ncha ya penseli. Udongo mwekundu unaopakwa kwenye maigizo mengi ni kosa. Changanya rangi nyeusi ya mwili na mafuta ya mgando, paka hadi masikioni, kisha futa kuzunguka macho na mdomo. Usitumie mkaa uliosagwa, jasho likitiririka utaingia machoni.

Mzee wa Mswada:
Mimi nauliza kwa nini baruti. Misiba mikubwa ya Mererani ni maji. Aprili 1998 na Machi 2008 mvua ilifurika mashimoni watu wakiwa kazini. Kule kuna mitobozano, shimo la huyu limekutana na la yule chini kwa chini, hivyo maji yakiingia kwa jirani yanakufuata mahali ulipo. Hapo ndipo penye igizo.

Fundi Taa:
Mleta uzi hajanijibu.

Pazia Jekundu:
Haya. Ni unga wa ngano, kilo 5, tumeshanunua. Shimo ni boksi la plaiwudi, mita 2 kwa 2, kimo mita 2, upande wa watazamaji tumetundika gunia. Nyuma kuna feni ya kupuliza unga. Ndani kuna koroboi inayowaka, maana mwanga wake unapendeza. Tulijaribu kwa unga kidogo na hapakutokea kitu. Fundi seremala ameshalipwa, sioni sababu ya kubomoa.

Fundi Taa:
Simamisha mazoezi hayo leo hii. Unga ukiwa kwenye bakuli unaungua polepole. Ukitawanyika hewani kila punje inazungukwa na hewa, moto unaruka punje hadi punje, na ndani ya boksi mgandamizo hauna pa kutokea. Kinu cha unga cha Washburn A kule Minneapolis, Marekani, kililipuka hivyo mwaka 1878, wakafa 18. Juni 2015 huko Taiwan wanga wa mahindi wenye rangi ulipulizwa kutoka jukwaani kwenye tamasha, ukashika moto, wakafa 15. Uchunguzi ulielekeza kwenye joto la taa za jukwaa. Hapakuwa na koroboi pale.

Sasa piga hesabu. Wingu la unga linaanza kuwa la hatari kwenye gramu 50 hivi kwa kila mita ya ujazo. Boksi lako lina mita za ujazo 8, kwa hiyo gramu 400 zinatosha, nawe una kilo 5. Lile jaribio lenu linaonyesha tu kwamba hamkufika kiwango.

Mama Jukwaa:
Na nani yumo ndani ya hilo boksi? Sanaa haina haki ya kumuunguza mtu.

Jicho la Tatu:
Wakuu mnapoteza muda, hii hadithi ni ya kutunga. Mwanaapolo gani anashuka na koroboi? Wanavaa tochi kichwani. Aliyetafiti Mererani hawezi kukosea hapo. Pazia Jekundu, jiwe likitoka kwenye mwamba lina rangi gani? Na hao watu wako wanalipwa vipi?

Pazia Jekundu:
Igizo lipo. Jiwe mara nyingi linatoka la kahawia, ubluu unakuja likichomwa. Na wanaapolo wangu hawana mshahara, wanakula posho ya tajiri mwenye shimo wakisubiri uzalishaji, yaani mawe yapatikane. Koroboi niliiongeza mimi kwa ajili ya mwanga, hapo nimekosea.

Mama Jukwaa, ndani yumo mvulana wa miaka 12. Anaigiza nyoka, wale watoto wanaopenya kwenye njia nyembamba. Sikutaka kulisema kwa sababu ndiye roho ya tukio, nikijua mtaniambia nimtoe.

Jicho la Tatu:
Nafuta kauli yangu. Mtoe.

Mchorongaji:
Vumbi hulihitaji kabisa, kinachotisha mgodini ni hesabu. Aliyewasha tambi anajua amewasha matundu mangapi ya baruti, utambi unakwenda kama dakika 2 kwa mita, basi wote wanakaa mbali wakihesabu milio. Umewasha sita, umesikia mitano, hakuna anayerudi hadi muda upite, kwa sababu la sita linaweza kuwa bado linaungua. Zima taa zote, acha tochi za vichwani tu. Waigizaji wahesabu kwa sauti ya chini. Baada ya tano, kimya cha sekunde 15. Mtoto awe ameshapita gizani kwenda nje.

Fundi Taa:
Hilo nalipenda. Sauti iweke kwenye spika ya besi chini ya mbao za jukwaa, watazamaji waisikie miguuni. Ukitaka wingu, tumia mashine ya moshi wa majimaji, sekunde 20 tu, na umulike kutoka ubavuni. Ukimulika kutoka mbele utapata ukuta mweupe. Ongea na ukumbi kwanza kuhusu ving'ora vya moshi. Tochi ziinamishe kidogo zisiwapige watazamaji machoni. Boksi lisizibwe nyuma.

Mzee wa Mswada:
Kibali cha Bodi ya Filamu unacho? Sheria ya 1976 inagusa na michezo ya kuigiza.

Pazia Jekundu:
Kibali ninacho. Kesho tunang'oa ubao wa nyuma na feni. Mtoto atasikika tu, akihesabu nje ya jukwaa, na mlio wa sita hautakuwepo. Koroboi nataka ibaki tukio la kwanza, mezani kwa mama yake, mbali na kila kitu.

Fundi Taa:
Weka balbu ndogo ya betri ndani, ya rangi ya manjano. Balbu ipake masizi upande mmoja, hakuna atakayejua.