Video inakwama kwenye boksi la TV: waya, waifai ya 5 GHz, repita au boksi jipya?

Mama Zawadi (Tanga)
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina boksi la Android kwenye TV ya sebuleni. Intaneti ni ya faiba, kasi ya Mbps 20, na ruta iko chumba cha nyuma, pale fundi alipoifunga siku ya kwanza. Katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji, na friji imesimama hapo hapo njiani. Mchana mambo yanakwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku, familia yote imeshakaa, kile kiduara kinaanza kuzunguka na watoto wanaanza kulalamika. Wapo wanaonishauri nipandishe kifurushi hadi Mbps 40, wengine wanasema repita (kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena mbele), wengine boksi jipya. Lipi linaleta tofauti ya kweli?

Fundi wa Kisauni
Dada, kifurushi kiache kwanza. Netflix wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p (HD kamili) na 15 kwa 4K, iliyo kali zaidi. Kwa TV moja, Mbps 20 inatosha. Cha kujua ni kiasi gani kinafika kwenye boksi lenyewe, maana kupima kwa simu ukiwa umesimama jirani na ruta hakukuambii chochote kuhusu sebule.

Saa hiyo hiyo ya usiku inapokwama, fungua fast.com kwenye kivinjari cha boksi. Halafu ingia YouTube, cheza video, nenda kwenye mipangilio ya video na uwashe takwimu. Zitatokea herufi ndogo juu ya picha. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni sekunde za video zilizokwisha kupakuliwa mbele. Zikiwa zinashuka hadi sifuri ndipo picha isimame, tatizo ni mtandao. Cha pili ni fremu zilizodondoka, yaani picha moja moja za video ambazo boksi limeziruka. Ukiona sekunde zipo za kutosha lakini picha inarukaruka na hesabu ya fremu inapanda, hapo boksi ndilo limeshindwa kufungua video, na hata ukiletewa Mbps 200 haitasaidia.

Mama Zawadi
Asante kaka. Nimepima usiku huu. Simu karibu na ruta: 18. Boksi: kati ya 3 na 4. Sekunde zinapungua pole pole mpaka zinaisha, ndipo inasimama. Fremu zilizodondoka ni chache sana.

Fundi wa Kisauni
Basi boksi lako ni zima na kifurushi ni kizima. Waifai ndiyo inayopotea njiani.

Mpangaji wa Sakina
Mkuu, mimi nilimaliza tatizo kama hili kwa kuhamia masafa ya waifai ya 5 GHz tu, bila kununua kitu. Usiku majirani wote wako nyumbani na ruta zao zote ziko 2.4 GHz. Masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Nyumba kumi zikigawana chaneli tatu, kila mtu anasubiri zamu yake. Ndiyo maana mchana unaona shwari. Ingia kwenye ruta, ipe 5 GHz jina lake la peke yake, kisha unganisha boksi huko.

Fundi wa Kisauni
Ni ushauri mzuri kwa chumba kimoja au ukuta mmoja mwembamba. Hapa tuna kuta mbili za saruji na friji ya chuma, na 5 GHz inapenya ukuta vibaya kuliko 2.4. Ajaribu kwa kuwa ni bure, ila asishangae boksi likiiona mistari miwili ikapotea tena. Kabla ya hapo aitoe ruta nyuma ya vitu, aipandishe juu ya kabati, iwe upande wa mlangoni. Hilo peke yake huweza kurudisha kasi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Abu Salim (Maskati)
Assalaam alaykum. Huku tunakaa kwenye majengo ya zege tupu, kwa hiyo jambo hili tunalijua. Kuhusu repita, nawaomba msikimbilie. Repita ya bei nafuu inapokea na kurusha kwa redio ile ile, hivyo kasi inagawanyika karibu nusu. Wengi pia huiweka karibu na TV, mahali ambapo mawimbi yameshachoka. Inarudia huo huo uchovu. Kama ni lazima, iwe katikati ya njia, na iwe ya masafa mawili ili ipokee kwa moja na kurusha kwa jingine.

Vile vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, ukipata vya kuazima jaribu. Vikiwa kwenye fezi (laini ya umeme) moja na nyaya nzuri vinafanya kazi. Nyumba yenye nyaya za zamani au iliyogawanywa fezi mbili, matokeo ni bahati nasibu. Siwezi kumshauri mtu anunue bila kujaribu.

Mpangaji wa Sakina
Na waya je? Mwenye nyumba wangu hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta.

Fundi wa Kisauni
Waya ndio chaguo langu la kwanza kila mara TV isipohama. Waya wa mtandao wa Cat5e unabeba hadi Gbps 1 (Mbps 1000) kwa umbali wa mita 100, na hakuna jirani anayeweza kuuingilia. Maboksi mengi ya bei ya chini yana tundu la Mbps 100 tu. Msiliogope, 4K inahitaji sehemu ndogo ya hiyo. Kwa mpangaji si lazima kutoboa. Unaupitisha chini ya mlango, unaufuatisha kona ya sakafu kwa vibanio vya gundi, unazunguka fremu ya mlango. Utakula mita nyingi zaidi, lakini waya ni bei ndogo kuliko repita ya maana.

Kuwa macho dukani. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unauzwa kama shaba. Ni mwepesi mkononi na ukiukunja mara chache unakatika ndani. Kwaruza ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe, rudisha. Na dada, kabla ya kwenda dukani tazama nyuma ya boksi kama tundu la waya wa mtandao lipo. Mi Box S, kwa mfano, haina; inabidi utafute adapta ya USB.

Mama Zawadi
Tundu lipo, na kuna diski ya nje ya filamu imechomekwa kwenye tundu la USB la bluu pembeni yake.

Abu Salim (Maskati)
Hiyo diski ichomoe leo leo. Tundu la bluu kwa kawaida ni USB 3.0, na Intel walionyesha mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele za redio ndani ya masafa ya 2.4 GHz. Diski ikiwa karibu na antena ya boksi, waifai inaumia. Ukitaka kubaki nayo, tumia waya mrefu uisogeze mbali.

Mwana wa Mkunazini
Naongeza jambo moja ili mtu asilaumu nyumba yake bure. Ikiwa programu moja inakwama na nyingine ziko sawa, shida iko huko inakotoka video. Google na Netflix huweka seva zenye nakala za video zao ndani ya mitandao ya watoa huduma, kwa hiyo YouTube inaweza kuteleza wakati programu yenye seva Ulaya imesimama kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania na Kenya zote tuliliona hilo. Siku kama ile hata waya wa dhahabu usingesaidia.

Mama Zawadi
Nimechomoa diski na kusogeza ruta: sasa boksi linapima 8 hadi 9 usiku. Video ya 1080p inakwenda, ila mechi ikiwa mubashara bado inasita. Nimeamua waya. Kijana wa jirani ana koleo la kubana vichwa vya waya. Nimwambie apange rangi vipi?

Fundi wa Kisauni
Ncha zote mbili mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kichwa akishike ulimi ukiwa chini, aanze kushoto. Nyuzi zifike mpaka mwisho wa plastiki ndipo abane, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili waya usichomoke ukivutwa. Ukishachomeka, taa ya tundu kwenye ruta lazima iwake. Isipowaka, akate ncha moja na kubana upya kabla hamjagusa mipangilio yoyote. Ikiwaka, zima waifai ya boksi ndipo upime tena.