Sufuria nzito au kikaango chepesi kwa karanga za sukari na ufuta?

Mama wa Himbi (Goma): Nawasalimu nyote. Jumamosi ijayo mtoto wangu anapokea komunyo ya kwanza, nami nimeamua kutengeneza mwenyewe karanga za sukari zenye ufuta badala ya kuzinunua barabarani. Fedha nilizo nazo zinatosha chombo kimoja tu: ama sufuria nzito ya alminiamu wanayoisubu mafundi wetu, ama kikaango cheusi kisichonata. Ninunue kipi?

Mpishi wa Ibanda (Bukavu): Mama, umeuliza swali na kuficha nusu yake. Unapikia makala au gesi? Na karanga ni kilo ngapi?

Yaya wa Kadutu (Bukavu): Hata asipojibu, ni sufuria nzito. Mimi hupima vikombe viwili vya karanga mbichi, kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji, navitia vyote pamoja tangu mwanzo, na mwiko wa mti haupumziki. Chombo chepesi huunguza sukari ya chini kabla ya ile ya juu kuyeyuka.

Mkaaji wa Kamalondo (Lubumbashi): Yaya, sufuria nzito haikuniokoa. Mara ya kwanza nilifuata vipimo hivyo hivyo, lakini maji yalipokauka, sukari ikageuka ghafla kuwa mchanga mweupe uliozishika karanga. Nilidhani nimeharibu, nikaongeza maji, ikarudi mchanga, nikaongeza tena. Baada ya saa nzima karanga zilikuwa laini kama maharage, na watoto wangu, ambao hawakatai kitu, walizikataa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mchanga ule ndio njia yenyewe, na kwamba ningepunguza moto na kuendelea kukoroga, ungeyeyuka upya na kuwa kahawia. Siku hiyo hiyo nilikaanga ufuta, nikauepua ulipoanza kurukaruka, ila nikauacha ndani ya sufuria ile ile nikamfungulia mgeni mlango. Niliporudi ulikuwa mchungu.

Mpishi wa Ibanda: Huo ndio ubaya wa chombo kizito: hubaki na moto hata kikiwa chini. Ufuta unamiminwa papo hapo kwenye sinia baridi. Kwa ufuta peke yake ningechagua kikaango, kwa kuwa mtu huona rangi ikibadilika na kukitikisa kwa mkono mmoja.

Yaya wa Kadutu: Kikaango kisichonata juu ya makala yaliyowaka vizuri? Utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya ukipita takriban nyuzi 260, na makala hayana kitufe cha kupunguzia.

Mwalimu wa Katindo (Goma): Msisahau pia kwamba hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi. Vipimo vya pwani havitufai.

Mpishi wa Ibanda: Mwalimu, hilo linahusu maji tu. Yakishaisha, sukari haiulizi uko mlima gani. Linalonitia wasiwasi zaidi ni karanga zenyewe: zilizokunjamana au zenye ukungu zitupwe, kwa maana sumu ya ukungu haiondolewi na kukaanga wala haifichwi na sukari.

Mama wa Himbi: Samahani kwa kuchelewa. Ni makala, na karanga ni kilo tatu.

Yaya wa Kadutu: Kilo tatu kwa mara moja! Dada, zigawe katika mafungu ya nusu kilo, vinginevyo mkono hautaweza kukoroga.

Mama wa Himbi: Na ufuta nautia lini?

Yaya wa Kadutu: Mwishoni, ukiwa umekwisha kukaangwa, pindi unapoepua.

Mkaaji wa Kamalondo: Mimi huutia mbichi, mchanga ule unapoanza kuyeyuka, ili usidondoke.

Yaya wa Kadutu: Ndiyo maana wako huwa mchungu, ndugu yangu.

Mkaaji wa Kamalondo: Mchungu ulikuwa wa siku ya mgeni tu, Yaya.